Vidonge Nilivyomgawia Kitinda

Jumatatu, 4 Machi
Nimekwanguliwa meno leo. Chini ya fizi kabisa! Daktari wa meno, mama mpole mwenye mkono mzito, aliingiza kijichuma chenye alama akawa anamtajia nesi kina kwa milimita: sita, saba, sita. Kumbe fizi zangu zina mifuko, na humo wadudu wamejenga. Wamejishika kwenye jino kama ukoko, anasema, dawa peke yake haiwafikii. Hapo nilimwelewa — miaka kumi naosha masufuria ya shule, ukoko naujua. Kanipa vidonge vya siku saba. Nimalize vyote, kasisitiza.

Ijumaa, 8 Machi
Damu ya fizi imekata. Harufu nayo kwisha. Baba watoto kasema sasa naweza kumsemesha kwa karibu. Mshenzi yule! Nimecheka.
Jioni Kitinda, binti yangu wa mwisho, katema damu kwenye sinki. Jino la mbele la chini linacheza kidogo. Miaka kumi na mitano tu! Mimi si nimeshapona? Vidonge vimebaki tisa. Nikampa. Akauliza, si vyako hivi, mama? Meza, nikamwambia, usinifundishe kazi.

Jumanne, 12 Machi
Fizi za Kitinda zimenywea, damu hamna! Daktari bila koti mimi.

Jumatano, 10 Aprili
Nimerudi kupimwa. Tatu, nne, tatu. Daktari kafurahi: wadudu wabaya wamepungua, wasio na neno wamechukua nafasi. Ila nikilegea na mswaki, wiki chache tu wanarudi.
Nikamuuliza, je, mtu akimeza vidonge bila kukwanguliwa? Jirani yangu, nikasema. Akatikisa kichwa. Waliojificha wanabaki, na walioonja dawa nusunusu huweza kuwa sugu. Mwenyewe anajiona mzima, kumbe mfupa unalika kimya kimya.
Jirani! Mwanangu nimemwita jirani.
Nyumbani nimebonyeza fizi yake kwa kidole. Usaha. Jino linacheza zaidi.
"Si ulisema nimepona, mama?"
Kaniuliza kwa upole. Afadhali angenigombeza.

Alhamisi, 11 Aprili
Niko kwenye benchi la kliniki, daftari nimekuja nalo. Kabla hajaitwa, Kitinda kaninong'oneza: akiulizwa habari za dawa, aseme nini? Nikamnyoosha kola. Mtu mzima, nashughulika na kola!
Mlango hawakuufunga vizuri. Nasikia wanampima: saba, nane. Daktari anahofia jino. Kamuuliza kama ameshatumia dawa yoyote.
"Hapana, daktari."
Ananisitiri. Mtoto ananisitiri mimi mamake!
Sasa daktari anasema watamkwangua, kisha wampe vidonge. Anavitaja — vilevile vyangu! Na kama hao wadudu wake wameshavizoea?
Nesi katoa kichwa mlangoni.
"Mama, daktari anauliza, kuna lolote la kuongeza?"
Nimemwambia naja, nafunga mkoba kwanza.
Mkoba wenyewe hauna hata zipu.