Maua ya Karatasi na Bango Lenye Jina Langu

Songea, Jumamosi, 25 Novemba 1995

Leo nitaandika yote, hata yale yanayonitia aibu. Nimejiapia hivyo kabla ya kufungua kalamu. Tangu juzi nimekuwa nikijaza kurasa kwa habari za mvua na bei ya mboga, na Zuhura si mjinga. Kesho mchana akija kuchukua kurasa hizi, kama tulivyozoea tangu tulipokuwa bweni moja, atazisoma zote akiwa amesimama mlangoni, kisha ataandika chini kwa kalamu nyekundu: “Na wewe je, uko wapi humu?”

Mvua imenyesha tangu alfajiri. Milima ya Matogoro haionekani kabisa, na udongo mwekundu umeingia hadi chumba cha mbele kwa miguu ya wateja. Bega langu la kulia linauma. Moyo nao unauma, ila huo siwezi kuukanda kwa maji ya moto.

Nianze na mashine. Zuhura anaijua, lakini Sista Kolumba alitufundisha kuandika kana kwamba msomaji hajawahi kufika kwenu.

Ni ya chuma na ni nzito, watu wawili huibeba kwa kupumzika njiani. Unachukua kibao chenye wembe uliokunjwa kwa umbo fulani, labda ua, kengele, njiwa, nyota au kopa. Unalaza karatasi juu yake, unakisukuma chini ya bamba, halafu unavuta mkono wa mashine hadi usikie karatasi imekubali. Ukiinua, umbo limetoka safi, halina hata uzi. Tulikuwa tukiitumia shuleni katika kazi za mikono. Niliipenda kuliko wote. Shule ilipoliacha somo lile, Shangazi akainunua, akaiweka chumba cha mbele, na tangu tumalize mtihani wa Kidato cha Nne sijui kazi nyingine. Nakata kadi, nakata maua, nakata vifuniko vya zawadi. Usiku nikifumba macho naona kopa.

Shangazi ni dada yake Baba. Alinichukua kabla sijaanza darasa la kwanza, Baba akabaki kijijini na mahindi yake. Shangazi hakujaliwa mtoto wa kumzaa. Maandazi yake ya alfajiri ndiyo yaliyonisomesha, na watu wa mtaa huu humwita Mama Otilia bila kufikiri mara mbili. Mwaka jana aliteleza na ndoo ya maji na bega lake halikurudi sawasawa. Mkono wa mashine hauwezi. Mimi nauweza.

Madukani sasa kuna maua ya plastiki ya kila rangi, tangu wafanyabiashara waruhusiwe kuleta mizigo wanayotaka. Tulidhani yatatumaliza. Kumbe kumbi zote za harusi zikaanza kufanana, na sasa mabibi harusi wanaojiweza wanataka ya karatasi, yaliyokatwa kwa rangi waliyoichagua wao. Shangazi husema soko huria lilitutoa kwa mlango wa mbele likaturudisha kwa wa uani. Basi kazi haiishi. Harusi zikiisha kuna nyota za Krismasi, nyota zikiisha kuna kadi za Pasaka, halafu kipaimara, halafu mahafali, halafu harusi tena.

Sasa lile nililolificha.

Alhamisi Sista Kolumba alikuja mjini kununua sabuni za shule, akanipitia. Shangazi alikuwa amekwenda kusaga. Sista hakukaa hata kidogo. Aliniambia amepeleka jina langu kwenye chuo cha uuguzi kule Peramiho, kwamba usaili ni Jumatano asubuhi, matokeo ya mtihani yatafuata baadaye, na niende na cheti cha ubatizo, kalamu yangu mwenyewe, na viatu vilivyopigwa rangi. Kisha akaniuliza kama Shangazi anajua. Nikasema nitamwambia jioni.

Jioni sikumwambia. Jana pia sikumwambia.

Nataka kuwa muuguzi.

Nimeiandika. Sijawahi kuiandika popote.

Leo nikadhani mlango umefunguka wenyewe, na ilivyokuwa ndiyo aibu yenyewe.

Tuna kazi ya harusi ya Jumamosi ijayo. Ni Jumamosi ya mwisho kabla ya Majilio, kwa hiyo nusu ya Songea wanaoana siku hiyo, maana baada ya hapo padri hafungishi mtu ndoa mpaka Krismasi ipite. Bibi harusi wetu anataka maua meupe matupu, yafungwe mikufu mirefu ya kutundikwa darini ukumbi mzima. Katikati ya wiki karatasi nyeupe ya manila ikaisha mjini. Shangazi hakukata tamaa. Akaenda parokiani, akarudi na rundo la kalenda za miaka iliyopita. Mbele zina picha, nyuma nyeupe pe, karatasi yake nene na inang'aa. Nilifurahi kweli. Nikalaza upande mweupe juu, nikakata, nikakunja petali kwa ncha ya mkasi zikasimama vizuri, nikafunga uzi. Mezani mikufu ile ilikuwa kama povu la maziwa.

Ila mikufu haikai mezani. Inatundikwa juu, na watu wanaitazama kutoka chini. Siku zote hizi nakata maua na halikunijia akilini hilo.

Saa nne alikuja Mama Sabina, mama mkubwa wa bibi harusi na mwenyekiti wa kamati, pamoja na wanakamati wawili, miavuli ikichuruzika. Akasifu sana. Akaomba mkufu mmoja tuutundike kwenye msumari wa juu ya mlango, auone utakavyokaa ukumbini. Nikapanda kwenye stuli, nikautundika, nikashuka. Wote wakainua vichwa.

Mama Sabina akasogea karibu na mlango.

“Mama Otilia,” Mama Sabina akasema taratibu, “huyu anayenikodolea macho ni nani?”

Lilikuwa jicho moja jeusi, limekaa katikati ya petali. Ua la pili lilikuwa na sikio. La tatu lilikuwa na neno Jumanne na kipande cha ndevu. Mwanakamati mmoja akashindwa kujizuia, akacheka mpaka akaegemea mashine, akasema bwana harusi akiinua kichwa tu atajua huko juu wanamwandika. Mwenzake akazikazia macho zile ndevu, akasema hizo anazijua, ni za paroko wa zamani, Mungu amrehemu, na hata alipokuwa hai hakuwa mtu wa kupenda muziki wa ukumbini.

Mama Sabina hakucheka. Alisema kumtundika marehemu juu ya maharusi ni uchuro, na mwanawe hawezi kukata keki huku mfu anamtazama. Kisha akauliza ni nani aliyeifanya kazi ile.

Nilijua ni kwangu kujibu. Lakini hapohapo nikawaza: wakienda kununua plastiki, Shangazi ataona kazi hii siiwezi. Atasema labda nitafutiwe jambo lingine. Na Jumatano ningekuwa huru bila kuhitaji kusema neno. Nikanyamaza, nikatazama vidole vyangu. Sikunyamaza kwa woga, Zuhura. Nilinyamaza kwa makusudi.

“Ni mimi,” Shangazi akasema. “Kalenda nilizileta mimi. Mtoto aliniambia zitaonekana, nikambishia. Mnisamehe mimi, yeye mwacheni.”

Sikuwa nimemwambia chochote. Hakunibishia chochote. Alisimama pale na unga mikononi, akaubeba uongo ule kwa ajili yangu mbele ya watu anaokutana nao kila Jumapili.

Mama Sabina akalegea. Alisema ataleta manila nyeupe Jumatatu, anajua pa kuipata, na mikufu yote iwe tayari Ijumaa asubuhi. Walipotoka nilitaka kusema, lakini Shangazi alikuwa ameshakwenda uani. Nikasikia anaongea na mtu, nikajua ni fundi wa mabango kwa jinsi alivyokuwa akikohoa.

Wakaingia na bati.

Limepakwa rangi ya njano, maandishi mekundu, na pembeni njiwa aliyechorwa kwa kufuatisha njiwa wa mashine yetu. OTILIA MAPAMBO. Chini yake, kwa herufi ndogo: Kadi, Maua ya Harusi, Kipaimara, Mahafali. Shangazi alisema alitaka liwe la Krismasi, ila ameona uso wangu ulivyokunjamana leo, akaona bora nilipate sasa. Akasema hakuweka jina lake kwa sababu yeye ni wa maandazi, na mimi ndiye mwenye mikono. Alikuwa anatabasamu kama mtu aliyeficha kitu muda mrefu na mwishowe ameruhusiwa kukitoa.

Majirani wakatoka mvuani kuja kutazama. Walipiga vigelegele. Jirani yetu fundi cherehani, ambaye hawezi kupita kitu bila kutia neno, akasema sasa nikiolewa itabidi mume alipe mahari mbili, ya msichana na ya bango.

“Huyu ataolewa hapahapa,” Shangazi akamjibu. “Bango halihami.”

Wote wakacheka. Mimi pia nilicheka. Nilishika ngazi wakati fundi anapigilia misumari, na kila nyundo ilipogonga nilikuwa natabasamu, kwa sababu Shangazi alikuwa ananitazama mimi, halitazami bango.

Tangu mchana nimepiga hesabu ya kazi. Manila ikija Jumatatu, nikikata mfululizo hadi Jumanne jioni, maua yatakuwa yametoka yote, na kufunga uzi hata Shangazi na majirani wanaweza. Jumatano ningekwenda Peramiho na gari la kwanza na kurudi kabla ya jua kuzama. Kwa hiyo si kazi inayonifunga. Nilikuwa nikijidanganya kwamba ni kazi. Kama ingekuwa kazi tu ningeishinda.

Wala siogopi kukataliwa. Natamani angekuwa mkali, angenisema, angefungia cheti changu cha ubatizo kabatini. Ningejua pa kusukuma. Ninachoogopa ni kwamba atasema, “Nenda, mwanangu.” Atasema hivyo bila kunung'unika. Atanipigia viatu rangi yeye mwenyewe. Halafu atarudi kukaa chini ya jina langu, na bega lile, na mashine asiyoweza kuivuta, na kila mteja atakayeingia atamuuliza Otilia yuko wapi.

Nimewahi kusoma habari za watu waliofungwa. Walikuwa na kuta. Mimi nina chakula cha moto, kitanda, na mtu anayenipenda, na bado jioni hii nimejikuta natazama mlango wa nyumba yetu kama mtu anayetafuta ulipo.

Nimekuwa nikijiuliza kama kutaka kuondoka ni kukosa shukrani. Sista angesema nisichanganye mambo mawili. Lakini Sista hakuinuliwa usiku na Shangazi akiwa na homa ya malaria, akabebwa mgongoni hadi hospitali. Mimi ndiye niliyebebwa. Na pale hospitali, nikiwa mgongoni mwake, ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza muuguzi mwenye kofia nyeupe akimshika mtu mkono kana kwamba ana siku nzima ya kumpa. Kwa hiyo hata hicho ninachokitaka nimekipata kwake. Sijui nikiweke upande gani wa hesabu.

Sasa hivi mvua imepungua. Namsikia nje anafuta bango kwa kanga yake, maana magari yakipita yanalirushia tope. Anaimba ule wimbo wa kwaya ambao huwa anasahau ubeti wa pili. Leo hajausahau.

Nimeamua mambo mawili. Kwanza, sitapanda gari Jumatano bila kumwambia. Msichana aliyebebewa kosa lake mbele ya watu hawezi kutoroka kama mwizi wa kuku. Pili, nitamwambia kesho jioni, tukiwa tunachambua maharage, kwa sababu mikono yake ikiwa na kazi masikio yake hutulia. Nitaanza na la kalenda, kwamba nilinyamaza makusudi na kwa nini. Likishatoka hilo, la Peramiho litafuata lenyewe. Nataka kuamini kwamba litafuata. Kuna kitu kidogo ndani yangu, hakizidi punje ya ulezi, kinachosema labda kuna njia ya kwenda na bado kubaki wake. Wasichana wengine wa chuo kile huja mjini Jumamosi, nimewaona sokoni na soksi zao nyeupe. Mashine inaweza kuvutwa Jumamosi pia.

Lakini nimejaribu kulisema kwa sauti nikiwa peke yangu chumbani, na kila mara nakwama mahali palepale, pale mwanzo kabisa, kabla hata sijafika kwenye kalenda.

Zuhura, kesho ukishasoma usiondoke mlangoni kwetu kabla hujaniandikia jibu hapa chini, na safari hii usilete mzaha. Nikishaita “Shangazi” naye akainua uso kutoka kwenye ungo akanitazama, neno linalofuata liwe lipi: asante, au naondoka?