Mama Aliyekuwa Karibu kwenye Darubini

Dada Rehema, shikamoo.

Darubini yako nusura initie wazimu hapa Matema. Nilikuwa natafuta kiboko wa kumpiga picha, nikamwona mamba anamnyemelea mama anayeosha vyungu mtoni. Hata ushanga wake niliuona, nikamwambia kwa sauti ya chini, kana kwamba yuko mbele yangu, "Mama, toka majini!"

Mwenyeji wangu, Mama Tusa, akashangaa. "Gwe, wewe unamnong'oneza nani? Yuko ng'ambo kule!" Akanyakua sufuria, akaigonga kwa mwiko mpaka yule mama akainua kichwa, akakimbia.

Picha sina. Dada, mwanangu Neema niliyekuachia asiende mtoni peke yake. Mkumbatie, usimwachilie mpaka nifike.

Mdogo wako, Asha