Kijiti cha Mpera

Soweto, Mbeya. Jumatano, Juni inaelekea ukingoni.

Baridi ya leo haina adabu. Ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati na mlima Loleza sijauona tangu nimeamka. Nimewasha jiko la mkaa, nimejifunga kitenge juu ya sweta, nimekaa. Karakana sijaifungua. Wateja wawili wamepiga simu na sijapokea, watanisamehe.

Jana nimerudi kutoka Iringa na jibu nililolifuata. Natamani ningebaki sijui.

Mnaopita kwenye ukurasa huu mara kwa mara mnaijua habari ya viti vya baba. Kwa mgeni, niseme kwa kifupi: ni viti sita vya mninga, havina msumari hata mmoja, vimefungwa kwa vijiti vya mti. Mikono yake imechongwa ikakonda katikati na kupanuka mwishoni kama mwiko. Kikalio kimesukwa kwa milulu, yale majani wanayosukia vikapu kule Iringa. Nimezaliwa nikavikuta sebuleni, na mtoto aliyethubutu kusimama juu yake alichezea fimbo ya mama.

Tukimuuliza baba vimetoka wapi, alijibu maneno mawili tu: "Vimetoka misheni." Mimi nikajijazia mwenyewe yaliyobaki. Misheni maana yake mzungu, mzungu maana yake kitu kizuri. Baba naye alikuwa fundi, ndiyo, lakini nilimjua kama fundi wa milango, vitanda na majeneza. Swali la pili sikuwahi kumuuliza.

Baba alifariki Februari. Mama alikuwa ametangulia zamani. Nikaamua kuviuza viti, si kwa shida, ila kila nikiingia sebuleni namwona amekaa pale. Nikaweka picha mtandaoni, na jamaa mmoja mwenye nyumba ya wageni Iringa akavipenda. Alisema atavichukua vyote sita nikimwambia vimetengenezwa na nani na vina umri gani. Wageni wake wanapenda kitu chenye jina, ndivyo alivyosema.

Basi nikavigeuza miguu juu, nikatafuta mhuri, nikatafuta alama ya chuma cha moto, nikamulika tochi hadi chini ya kikalio. Hakuna kitu. Nikauliza kwenye kundi la wapenda samani za zamani, na mtu wa Dar akaniandikia kwa uhakika kabisa kwamba hiyo ni kazi ya Denmaki. Loh, nilivyovimba kichwa! Nilitembea Soweto nzima kama mwenye viti vya Denmaki.

Lakini mnunuzi alitaka ushahidi. Nikakumbuka jina la mzee mmoja, Mzee Severini, fundi aliyefanya kazi kwenye karakana ya misheni moja ya huko enzi hizo, karakana ambayo ilishafungwa. Juzi nikafunga kiti kimoja kwenye blanketi, nikakichagua kile kizuri kuliko vyote, nikapanda nacho basi.

Mzee anaishi nje kidogo ya Tosamaganga kwa mwanawe. Macho yake yameshaingia mtoto wa jicho, anaona mwanga tu. Nikamsalimia "Kamwene" kwa Kihehe changu cha kuunga, akacheka, akaitikia, akaniuliza natokea wapi. Nikasema mimi ni fundi kutoka Mbeya, nina kiti nataka kumjua aliyekitengeneza. Jina la baba sikulitaja. Niliona halihusiani.

Akakiweka kiti magotini kama anayepakata mtoto. Akapitisha kucha kwenye mbao, akanusa chini ya kikalio, kisha akaanza kusema polepole.

"Hii mninga ni ya Chunya. Ilikuja kwetu mara moja tu, lori moja. Zaidi ya hapo tulikuwa tunachongea mbao laini ya msindano."

Alipofika kwenye mkono wa kiti akatabasamu. Akasema bruda, mzungu wa misheni aliyekuwa anawafundisha, aliwaletea picha ya kiti kutoka kwao, wakakiiga. Ila mkono huu haukuwepo kwenye picha. Kuna kijana mmoja pale karakana alibisha, akasema mtu mzima akitaka kusimama lazima apate pa kushika, akachonga wa kwake. Bruda akautazama, akaushika, na tangu siku hiyo wakachonga hivyo wote.

Kisha akapeleka kidole gumba chini ya mkono wa kushoto, kwa nyuma, pale unapoungana na mguu. Akapapasa. Akapapasa tena.

"Kijiti cha hapa nani amekitoa?"

Nikamwambia ni mimi. Nilisema kwa majivuno kidogo, tusidanganyane. Nikamweleza kuwa viti vyote vitano nilivyovikarabati mwaka jana vilikuwa na kijiti kimoja cha rangi nyingine mahali hapo hapo, cheupe kwenye mninga nyekundu, kazi chafu ya mtu aliyeziba tobo kwa haraka. Nikavitoboa vyote, nikaweka vya mninga. Huwezi kuona pa kuungia.

"Cheupe," akasema mzee. "Kigumu?"

"Kigumu sana. Kilinivunjia keekee."

Akarudisha kidole pale pale. Halafu akanieleza. Kuandika jina kwenye kiti ilikuwa marufuku, kiti kilikuwa cha karakana. Mafundi wakakubaliana wao kwa wao, bila bruda kujua, kila mmoja awe na mti wake, apigilie kijiti kimoja cha mti huo mahali pale pale. Mzee Severini alitumia mzeituni wa porini. Mwenzake mwingine alitumia mpingo.

"Wa mpera alikuwa mmoja tu. Alikata kwenye mpera wa kwa mama yake. Yohane, yule mrefu aliyehamia Mbeya. Ndiye aliyechonga mkono huu. Hivi ni vile viti sita alivyofanya jioni jioni, alipokuwa anajiandaa kuoa."

Yohane ni baba yangu.

Nilipomwambia, mzee alitafuta mkono wangu hewani mpaka akaupata. "Pole, mwanangu," akasema. "Na yeye hakukwambia?" Nikasema hakuniambia. Akatikisa kichwa, akasema Yohane hakuwa mtu wa kujisema.

Lakini nilimdanganya yule mzee. Baba aliniambia. Naomba niandike hapa, maana sina pengine pa kulisemea.

Mwaka jana baba alipata kiharusi. Kauli ikakatika, upande wa kulia ukafa. Kila asubuhi nilimtoa barazani, nikamkalisha kwenye kiti cha sita, nikafanya kazi mbele yake ili asiwe mpweke. Ndipo nilipovikarabati vile vitano. Na kila nilipoanza kutoboa kijiti, baba alikuwa anatoa sauti. Anaguna, anagonga mkono wa kiti kwa kiganja cha kushoto, ananitolea macho. Mimi na kiherehere changu nikajua anataka uji. Nikajua anataka msalani. Nikamwambia, tena bila kugeuka, "Subiri kidogo, baba, namalizia."

Viti vitano. Siku tano tofauti. Nilimwambia hivyo mara nne.

Siku ya tano hakugonga tena. Alinitazama tu, machozi yakawa yanamtoka. Nikamfuta kwa upindo wa kanga, nikamwambia ni vumbi la mbao, nikamsogeza kando. Vijiti nilivitupa jikoni pamoja na maranda. Tulichemshia chai.

Jana nilipofika nyumbani sikuvua hata viatu. Nikaenda moja kwa moja kwenye kiti cha sita, ambacho sikuwahi kukikarabati kwa sababu baba alikuwa hatoki juu yake. Nikapeleka kidole gumba chini ya mkono wa kushoto, kwa nyuma. Kipo. Kimelainika na kuingia ndani kidogo kwa kusuguliwa. Pale ndipo alipokuwa anashika kutwa nzima, nami nikadhani anaogopa kuanguka.

Asubuhi hii nimemwandikia mnunuzi. Nimemwambia vimetengenezwa na fundi Yohane, mtu wa Iringa, vinanizidi umri kidogo, mimi kifungua mimba wake. Amejibu haraka: "Aah, kumbe ni vya fundi wa kawaida." Kisha akauliza kama naweza kupunguza bei. Nimefuta namba yake. Hasira yangu lakini si yake yote, maana hata mimi niliishi na viti hivyo miaka yote nikifikiri hivyo hivyo.

Jirani yangu ana mpera nyuma ya choo. Nimeuangalia muda mrefu leo kupitia dirishani. Naweza kukata tawi, nikachonga vijiti vitano, nikavirudisha, na hakuna atakayejua. Kazi yangu ni safi, si nimesema? Lakini nitakuwa nimeandika jina la baba kwa mkono wangu, baada ya kulifuta kwa mkono huo huo. Acha vibaki na mninga. Atakayeuliza nitamweleza ni nani alivifanya na ni nani alifuta.

Viti haviuzwi. Hilo nimeamua.

Sasa nimekivuta kiti cha sita barazani, mahali pake. Mimi nimekaa chini kwenye mkeka, mbele yake, mikono mitupu, sina patasi wala nyundo.

Nimemaliza kazi, baba. Ulikuwa unasema nini?