Walikuzika Bila Kujua Wewe Ndiye Admin

Mwende, rafiki yangu,

Mama yako huko Kwa Vonza bado anaichaji simu yako. Anasema ikizima utakuwa umekufa kabisa. Basi jina lako hunitokea kwenye simu yangu, eti uko hewani, na mimi mjinga hungoja uniandikie.

Kundi letu la wajane kwenye simu limekua. Ulilianzisha bila sura, picha ya kibuyu tu, tukaliongoza sisi wawili kwa jina moja, Admin. "Wanataka msaada, hawataki sura yangu," ulikuwa ukisema. Siku ya mazishi yako, jirani yenu mmoja, mwanakundi, alikaa karibu na kaburi akiandika kwa simu. Yangu ikatetemeka mfukoni: "Admin, mbona leo umenyamaza?" Nilimjibu nikimtazama, "Nina msiba." Hilo linaniandama mpaka leo, Mwende.

Halafu Kalekye wa Matinyani akaandika. Shemeji zake wameng'oa makonge ya mpaka wa shamba lake. Ushauri hakuutaka. "Kuja usimame na mimi kwa baraza ya chifu," alisema. Nawe wazijua baraza zetu: usiposema wewe ni binti ya nani na umeolewa wapi, maneno yako ni upepo. Nilitamani kukataa. Mimi pia ni mjane, na shemeji zangu hapa Sultan Hamud hawakujua kundi hilo ni langu.

Nilienda. Chifu akauliza, "Na wewe ni nani?" Nikasimama.

"Mimi ni Syombua, binti ya Mutisya, nimeolewa Sultan Hamud. Mimi ndiye Admin. Mwenzangu alikuwa Mwende wa Kwa Vonza."

Yule jirani yenu alikuwepo, naye amekuja kumsimamia Kalekye. Alijifunika uso kwa leso, akaanza kukulilia upya. Chifu ameamuru mpaka wa Kalekye upimwe.

Sasa shemeji yangu mkubwa hupita langoni akisema, "Kumbe ni wewe." Ninaogopa, sikufichi. Lala salama, mpenzi wangu. Nakuahidi sitajificha tena, hata wakinichukia. Jana jioni nilisikia hatua nyingi uani, nikashika panga. Kufungua mlango, ni wanawake wa kundi, wamebeba mikeka na sufuria ya isyo, mahindi na maharagwe ya kwetu. "Tumekuja kulala hapa," wakasema. "Zamani hatukujua kwako ni wapi."

Syombua