Uite Mara Tatu

Kijiji cha Ujamaa,
Mkata, Handeni.
14 Novemba 1974

Mpendwa Kaka Muhidini,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba ile baridi ya Murmansk uliyoniandikia, ya kugandisha hata pumzi kwenye ndevu, imekuacha salama. Sisi hatujambo, ila moyo wa Bibi hauna raha, na sababu ni wewe.

Tumehama Misima. Nyumba zetu sasa zimepangwa mstari mmoja kando ya barabara. Jirani akipiga chafya tunamwombea afya tukiwa vitandani. Hakuna tena haja ya kuitana. Nakumbuka tulivyolinda mahindi yasiliwe na nyani, wewe kilima cha kule, mimi cha huku. Asubuhi za ukungu sauti yako ilinifikia nusu, nami nilikaa kimya mpaka uite mara ya tatu, kama Bibi alivyotufunza: anayeita mara moja si mtu, ni mzimu, na ukimwitikia anakuchukua.

Sasa sikia yaliyotupata. Siku ya salamu zenu wanafunzi wa ng'ambo, tulijaa kwa Mzee Sadala, jirani yetu mwenye redio. Mtangazaji akasema sauti yako inatoka huko kaskazini kwa setilaiti. Ukaita, "Bibi! Zuena!" Kisha mvumo kama mvua juu ya bati, basi.

Mimi nikaropoka, "Abee!" Bibi akaniziba mdomo kwa kiganja.

"Mama, itika nawe, betri zangu zinaisha!" Mzee Sadala akamtania.

"Na ziishe, Sadala. Kaita mara moja huyo. Mjukuu wangu nilimfunza mimi, angeita tatu."

Tangu hapo anaamini umekufa. Amekwisha kumwuliza shehe habari za hitima. Nami kwa kuwa niliitika, haniruhusu kwenda hata kisimani peke yangu, seuze kurudi chuoni Korogwe. Chuo kinafunguliwa Januari, na Baba hathubutu kumpinga mama yake.

Nimemweleza yote uliyoniandikia: kwamba huko setilaiti hukaa chini sana, karibu na upeo wa macho, hivyo mawimbi hupita kimshazari katika hewa nyingi yenye theluji na unyevu, yakachoka njiani, na zile taa za kijani zinapocheza mbinguni, sauti huyumba na kukatika.

"Kumbe na huko kuna ukungu," akasema, akatabasamu. Nikadhani nimeshinda. "Basi ndiyo maana mtu hai huita tena."

Barua hazimsaidii; karatasi, anasema, haina koo. Kaka, omba tena nafasi redioni. Chagua siku mbingu ya huko imetulia, uite kama ulivyoita kilimani, hata wenzako wakikucheka.

Najua kilichokata sauti yako. Hata hivyo, nikiwa peke yangu uani, hujikuta nimetega sikio upande wa Misima.

Baba, Mama na Shangazi Zamda wanakusalimu sana. Mzee Sadala anasema betri mpya zipo. Bibi hakutuma salamu. Marehemu, anasema, huombewa dua.

Mungu akutunze katika theluji hiyo, akurudishe kwa miguu yako mwenyewe. Mwito wa kwanza nimekwisha kuuitikia mimi. Bado miwili.

Mdogo wako akupendaye,
Zuena