Meli ya Watu Watano

Jumatatu, 4 Juni
Nimechota maji mara mbili, nikachelewa namba shuleni. Jioni kisomo cha watu wazima; mimi ndiye msaidizi wa Mwalimu Magesa. Gatini zimefika meli mbili ndogo za jeshi za kubeba mizigo. Kila moja huendeshwa na watu watano tu. Meli kuukuu anayofanyia baba kazi ya mashine huwa na kumi na wanne. Watakaohamishiwa mpya lazima wafaulu kusoma. Baba bado anakwama kwenye neno "ng'ombe".

Jumatano, 6 Juni
Mwalimu amenipa habari ya mtihani niiandike ubaoni kesho. Mistari sita, kuhusu shamba la kijiji. Nimeipeleka nyumbani. Nimemkaririsha baba hadi ameijua kama sala. Niliona aibu. Niliendelea.

Alhamisi, 7 Juni
Amefaulu. Kidole kilikuwa mstari wa pili, mdomo ulikuwa wa tano. Mwalimu hakuona. Mimi niliona.
Jirani yetu alimtania: "Shikamoo, profesa wa grisi!" Baba alicheka sana. Mimi nilikwenda kuosha vyombo.

Jumanne, 12 Juni
Baba amepewa chumba cha mashine, peke yake. Kwenye meli kuukuu mwenzake alimsomeaga vibao. Sasa hakuna. Koki zote zinafanana, maandishi tu ndiyo tofauti. Akifungua isiyo yake, ziwa linaingia ndani. Amezifunga nyuzi za rangi ili azitambue.

Alhamisi, 14 Juni
Sajini, mkubwa wa meli, amekata nyuzi zote. Alidhani ni uchafu. Kesho wanakwenda Mwanza.
Nilimwomba baba aseme ukweli. "Usiogope, mama. Mimi nasikilizaga mashine, inaniambia."
Wale wanne watakaosafiri naye hawajui lolote. Mimi najua.

Ijumaa, 15 Juni
Nilikimbia kutoka nyumbani, Mukendo, hadi gatini kabla ya namba. Nikamweleza sajini yote, baba akiwa amesimama palepale. Baba alivua kofia ya kazi, akaikabidhi. Hakunitazama. Mtu mwingine alishuka chumba cha mashine.
Mwalimu amesikia habari ya mtihani, ameniondoa kwenye usaidizi. Ni haki yake.

Jumapili, 17 Juni
Meli imerudi salama. Baba atakuwa mpakia magunia. Siku mbili hajanisemesha. Mama anasema nimemvua nguo mbele za watu. Ni kweli. Ningefanya tena, na bado naumia.
Baada ya chakula baba aliketi karibu nami na kitabu cha kisomo. Akaweka kidole juu ya "ng'ombe".
"Hapa, mama. Polepole."