Raketi Yako Nimeiacha Kasulu

Kibondo, Jumamosi asubuhi, Novemba 2014

Baba,

Nimekuja Kibondo bila raketi yako. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu anayezunguka. Iko Kasulu, chumbani kwangu, ndani ya mfuko wa kitambaa alioushona Mama. Saa nne nacheza tenisi na Jenifa, yule binti wa hapa aliyenitoa mwaka jana, na atakayeshinda anaingia timu ya mkoa. Mvua imenyesha alfajiri, sasa wanafagia maji uwanjani, kwa hiyo nina muda. Sitaki habari hii uipate kwa mtu mwingine. Sijui huko mnapataje habari, lakini Shangazi Yudita huongea na wewe anapopalilia, na mdomo wake unaujua.

Siku ya kumaliza matanga, ndugu zako walikuja kutoka Titye wakagawa vitu vyako. Baba Mdogo alipewa koti na baiskeli. Redio ikabaki kwa Mama. Ilipofika zamu ya raketi, hakuna aliyejua ifanywe nini, mpaka Shangazi akainyanyua kama anavyonyanyua kuku, akaniwekea mapajani. "Huyu ndiye mkono wake sasa. Ukiiacha hii, Eliza, umemwacha kaka yangu." Watu wakaitikia. Nikaishika, nikalia, na tangu siku hiyo sikujiuliza kama inanifaa. Jembe la marehemu hulimiwa. Nami nikacheza.

Hata ile plasta ya hospitali uliyozungushia mpini ili ujae kiganja chako sikuibandua. Ilikuwa bado ina alama za vidole vyako. Nilikuwa naweka vyangu humo humo, na havikufika. Kila mara havikufika, Baba.

Nimesimama kidogo. Naendelea.

Kwenye kile kiwanja cha chuo, tulikokuwa tukichora mistari kwa majivu, wewe ulianzisha mpira na hapo hapo ukaukimbilia wavu. Mipira mitatu, kwisha. Mimi nilibaki nyuma ya mstari, narudisha, narudisha, mpaka ukapandwa na hasira. "Unaufuga huo mpira? Umalize!" Halafu ukacheka mwenyewe, na nyumbani ukamwambia Mama amekuzalia mchungaji. Nilicheka pia, lakini liliniuma, na sikukuambia. Niliamini mchezo wangu ni mchezo wako ambao haujakua.

Ndiyo maana mwaka jana, wiki chache baada ya matanga, nilimkimbilia Jenifa wavuni kama wewe. Raketi ile ni nzito, na uso wake ni mdogo. Mpira ukigusa pembeni kidogo tu, hausamehewi. Wewe uliupiga katikati kwa nguvu zako, ikakutii. Mimi nilichelewa kila mpira. Tulipopeana mikono Jenifa akaniuliza, bila hata kunong'ona, "Dada, unaiburuza hiyo raketi au inakuburuza?" Wenzake walicheka sana. Nilirudi Kasulu nikafanya mazoezi mara mbili zaidi, kwa raketi ile ile.

Kufikia Julai kiwiko kilikuwa kimevimba, siwezi kuinua ndoo wala kuandika ubaoni. Nilikwenda hospitali kwa Dokta Mwanaidi, yule mama wa Tanga aliyeanza kucheza nasi Jumapili mwaka ule ulipofariki. Alikiminya kiwiko, nikaruka. Akasema nimletee raketi. Nilipoileta akaniambia niishike, akapima kwa kidole chake nafasi iliyobaki kati ya ncha za vidole vyangu na kiganja. "Hapa panatakiwa paenee kidole changu kimoja. Kwako vinapita viwili na chenji inabaki. Ndiyo maana unaikaba." Kisha akaniuliza pointi zangu huwa nazipataje. Nikafikiri. Nikasema mwenzangu huchoka, akakosea.

"Sasa mbona unabeba raketi ya mtu mwenye haraka?"

Nikamwambia ni ya baba yangu.

"Najua, mdogo wangu. Pole. Lakini hii ni raketi, si kiti cha enzi cha mwami."

Nilimchukia siku tatu. Kiwiko kilipopona aliniazima mbili zake, nikaenda nazo pamoja na yako kwenye ukuta wa nyuma ya bwalo la chuo. Ya kwanza ilikuwa nyepesi mno, mpira uliisukuma. Ya pili ina uso mpana, uzito wa kati, mpini mwembamba, na nyuzi zake hazikukazwa sana. Kwa yako, mkono ulianza kuchelewa kwenye mpira wa arobaini. Kwa hiyo ya pili niliacha kuhesabu. Nilisimama kwa sababu walikuja kupanga meza za chakula cha mchana.

Hapo niliamua kucheza na hiyo ya pili. Nikaenda mwenyewe kumwambia Shangazi. Aliweka kisu chini pale alipokuwa akimenya mihogo. "Kwa hiyo umemkataa." Hakunisalimia wiki mbili.

Juzi alikuja na maharage, akaketi, na bila kuulizwa akasema, "Jembe la mama yetu nilipewa mimi. Mpini wake ulikuwa mrefu, nikaukata siku ya tatu. Baba yako alininunia mwezi mzima." Akainuka kuondoka. "Usimwambie mtu kwamba nimekuruhusu."

Hakuniruhusu, Baba. Nilikuwa nimeshaamua. Ila nilifurahi kujua kwamba uliwahi kununa, na kwamba ulimaliza.

Wamemaliza kufagia. Jenifa yuko upande wa pili anapasha misuli, ananitazama mkononi. Sitakwenda wavuni mpaka mpira wenyewe unipeleke. Itakuwa mechi ndefu, ya kukuchosha wewe kuliko mimi, na nakuomba uivumilie. Nakuahidi hili: Jenifa hatapata kwangu pointi hata moja ya bure, na sitaharakishwa na mtu yeyote aliyekaa pembeni, hata awe wewe.

Pumzika, Baba. Wananiita.

Binti yako,
Eliza